Gramu Moja Pungufu

Shaame anataka pembe.
Anataka macho mekundu, joho jeusi, meno ya chui,
na kasri juu ya mwamba, radi ipige kila likitajwa jina lake.
Namwambia Wete radi tunazo za kutosha,
na umeme umekatika tangu magharibi.
Tumekaa juu ya duka la ndoo, chumbani kwa Faki,
mshumaa ndani ya kopo la maziwa,
dadu ya pande ishirini kwenye kisahani cha halua.
Kazi yangu ni kumuumba mtawala
watakayekutana naye Jumamosi.

Mimi mchana hupima karafuu.
Watu hushusha magunia, mimi husoma namba,
nao huitazama midomo yangu kama ya hakimu.
Kwa hiyo pembe sizijui. Nakijua kidole gumba:
kinavyoweza kukaa ukingoni mwa sahani ya mizani,
kimya, kama paka.

Basi namwandika hivi.
Diwani Mngwali wa Ngome-Makonyo,
kisiwa kisichokuwamo ramanini.
Mrefu, mpole wa sauti, viganja vyanukia marashi.
Hakuzaliwa mwovu.
(Faki anaguna. Mwalimu wa hesabu, hapendi utangulizi.)
Alimpenda bintiye hata akauogopa umaskini kwa niaba yake,
akaanza kuchukua, pishi kwa huyu, kibaba kwa yule,
hadi alipokuja Bi Mize binti Khatibu na kikapu cha mwisho,
fidia ya mwanawe aliyefungwa ngomeni kwa deni.
Kikapu kilitimia.
Kidole gumba kikasema hakikutimia.
Kijana hakutoka.
Mama hakulia. Alisema ubeti mmoja,
niliouhesabu kwa vidole, nane kwa nane:

Umenipunja mizani, karafuu ya mwanangu,
Na ukae duniani, upimiwe kwa machungu,
Usitimie thamani, nimeshasema kwa Mungu,
Si kuzimu si mbinguni, ubaki na deni langu.

Hapo Tumu akaacha kutafuna.

Laana haimletei mtu maumivu ya kigeni.
Humpa kile kile alichokitaka,
humshonea kama kanzu, kisha haivuliki.
Alitaka mali: maghala yake hayapungui.
Alitaka binti asimwache: yupo, dirishani,
mwepesi mwaka hata mwaka,
siku hizi humfunga uzi kifundoni asipeperuke.
Akishuka pwani maji hupwa mbele yake,
hatua kwa hatua, hata awe amesimama peke yake
juu ya maili nzima ya matope,
na bahari bado yamkimbia.
Ukungu unaonuka makonyo yachemkayo
humrudisha nyumbani.
Na kila alfajiri, kabla ya adhana,
mizani hujitundika yenyewe katikati ya ukumbi,
naye hupanda.

"Nguvu zake?" Shaame, kalamu tayari.
Akikutazama, anajua uzito wa uliyempoteza.
"Udhaifu?"
Huo huo.

Jogoo wa jirani amekosea saa.
Tumu ni muuguzi wa wodi ya watoto, ametoka zamu,
na huuliza kama achomavyo sindano, upesi,
kabla hujajikaza:
"Na akitubu?"

Sikuwa na kanuni ya hilo.
Nilifunua daftari mbele, nikalifunua nyuma,
nikakuta hesabu za magunia ya juzi.
Nikasema, hutubu. Kila alfajiri hutubu kwelikweli,
hurudisha pishi, hurudisha kibaba,
hutaja majina yote asisahau hata moja,
na kila alfajiri mizani husoma
gramu moja pungufu.

"Gramu moja tu?" Faki akacheka. "Si akopeshwe!"
Akacheka peke yake.

Tumu akaingiza vidole kikombeni,
akatoa karafuu iliyobaki chini ya chai,
akaiweka mezani kando ya dadu.
Ikaacha doa la maji kwenye karatasi,
pale pale palipokuwa jina la Diwani.
"Mwandikie," akasema. "Hii yangu."

Karafuu moja haifiki gramu.
Kavu haifiki, mbichi haifiki, iliyolowa chai haifiki.
Ndiyo kazi yangu, najua.

Nikaandika: imetimia.