Miguu Mitatu, Punta Arenas

"Kaboni nyepesi hii," akasema Eliseo,
akainyanyua miguu yote kwa kidole kimoja
kama anayeuza unyoya.
Nikacheka. Mji huu upepo hung'oa mabati.
Kamera yangu ni sanduku, kilo sita na mivukuto yake;
jicho hukaa wazi sekunde nane
likingoja barafu itulie.

Nikaomba ile ya mwaloni, nyuma ya ngazi,
ya mpima mipaka aliyekufa na madeni.
Nikaiegemea kwa uzito wangu wote.
Haikuguna.

Na kichwa?
Cha tufe huinama kama mlevi.
Nikachukua kile bapa, kikaidi,
kinachokubali jambo moja moja.

Jifya moja haliinjiki chungu.
Matatu, labda, yataniinjikia mlima.

Sasa, nani ataibeba?