Hatukuongea Kitu

Nikirudi na ndoo mbili, jua limeshapanda,
Mchopa huniuliza, mswaki mdomoni:
"Saa tatu nzima bombani, mnaongea nini?"
Namjibu, hakuna. Hatukuongea kitu.

Na ni kweli.
Juzi tulianza na baridi hii ya Newala,
ukungu mzito hata Fadina
akampa shikamoo mbuzi wa Nampembe,
na mbuzi, wallahi, akaitikia.
Hilo peke yake lilitufikisha ndoo ya saba.

Tukahamia kwa Tabia na ming'oko yake,
aliuziwa mibichi, migumu kama mpini,
akaitafuna yote, njia nzima, peke yake.
"Hela yangu siitemi," anasema,
huku ameshika taya.

Tukamgusa mume wa fulani (jina nalimeza)
aliyenunua simu kubwa msimu wa mnada,
leo hana vocha, hana umeme,
anailaza kifuani jioni na kuifuta kioo
kama anayemwogesha mtoto wa watu.
Salfa imechelewa. Mikorosho imeanza kutoa maua.
Hayo tuliyapita haraka,
hayana kicheko.

Fadina ni Myao, mtani wetu, hana adabu:
"Ninyi Wamakonde mnaoga kwa kujadiliana,
mmoja ananawa uso, watatu wanashuhudia."
"Afadhali sisi tunajadili,"
Tabia akamrudishia,
"kwenu mto upo, na bado tunakusikia harufu
kabla hujakata kona."
Nilicheka mpaka nikakalia ndoo ya mtu.

Ni hapo katikati, kicheko hakijatua,
Somoe alipokaza kanga yake akasema,
kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi:
"Kesho sipo. Naenda Ndanda
wakanitazame hili titi."

Tulisikia. Sote tulisikia.
Tabia akasema, "Basi ukipita Masasi
tuletee vitunguu, huku vimekuwa dhahabu."
Somoe akauliza, "Vyekundu?"
Na mazungumzo yakaenda na vitunguu,
bei ya mwaka jana, bei ya mwaka huu,
vile vinavyooza katikati, nje vinang'aa,
mpaka zamu yetu ikafika.

Jana, alfajiri, foleni ilikuwa vile vile.
Pale inaposimama ndoo yake ya bluu,
ile yenye mfuniko wa sahani,
kulikuwa na jiwe.
Sikuuliza nani ameliweka.
Fadina alikuwa anatazama pembeni
kama mtu aliyekanyaga kuku.

Ndoo ikijaa mbele, sote tunasogea,
na mmoja wetu, kwa ncha ya kandambili,
analisogeza jiwe.
Tukamrudia mbuzi. Tukarudia ming'oko.
Tabia akasimulia taya lake upya,
akaongeza na vipande visivyokuwepo,
tukamwachia, avisimulie.
Jiwe likasogea.

Lilipofika bombani, Nalicho wa maji,
mkono kwenye koki, akalitazama,
akatutazama sisi.
"Na hili najaza wapi?"
Hakuna aliyekuwa na jibu.
Kisha Fadina akafungua fundo la kanga,
akatoa hamsini, akamwekea kiganjani:
"Limwagie tu. Kwani wewe umelipwa, una neno gani?"

Na Nalicho, ambaye hajawahi
kumsamehe mtu hata kikombe,
akafungua koki,
akaliogesha jiwe pande zote mbili,
taratibu, bila kutuangalia.
Tabia akalipokea likichuruzika,
akalirudisha mkiani mwa foleni,
nyuma ya mwanamke tusiyemjua
aliyeanza kuuliza,
akaacha.

Nilifika nyumbani jua limeshapanda.
Mchopa mlangoni, mswaki mdomoni:
"Haya, leo mmeongea nini?"
Nikatua ndoo. Nikafuta shingo.
"Vitunguu," nikamwambia.