Kitongoji Chini ya Nyasi

Jumba la Ellershaw lina nguzo sita mbele,
nyeupe, nene, kama watu walioamriwa wasipumue.
Nimezipa mgongo miaka kumi na tisa
nikikata nyasi kutoka ngazini hadi ziwani.
Madirisha ni ishirini na saba ukihesabu kwa nje;
ndani, ishirini na matatu.
Manne ni rangi tu juu ya plasta,
yaliwekwa ili kushoto kusionee kulia wivu.
Winifred, anayeosha vioo, huyapangusa nayo.
"Sipendi ubaguzi," asema.

Watalii hushuka basi, hutazama bonde,
husema, tazama maumbile yalivyo!
Sicheki. Kilima kile kilibebwa kwa toroli.
Ziwa lilichimbwa kwa sepeto, misimu mitatu.
Mialoni ilipangwa ionekane haikupangwa,
na kondoo wanaodhani watafika ngazini
huishia handakini,
penye ukuta asiouona aliye juu
na anaouona vizuri sana aliye chini.

Mwaka huu mvua ilituhama.
Mei kavu, Juni kavu,
Julai ikaja na kiberiti mkononi.
Nyasi zikawa rangi ya mkate,
kisha asubuhi moja, nikiwa juu ya mashine,
nikaona mistari.

Nikazima injini.
Palipo na jiwe chini, mizizi haina pa kwenda,
nyasi hufa kwanza.
Mstari mnyoofu, kona, mstari mwingine.
Chumba. Chumba. Ua.
Njia ya mkokoteni ikipinda kukwepa kitu:
kisima, nadhani, au jirani mgomvi.
Nyumba kumi na nne. Nilizihesabu nikitembea,
na hesabu ya nje ilikuwa sawa na ya ndani.

Hakuna aliyeficha. Kijitabu cha wageni kinasema,
ukurasa wa tisa, chini ya picha ya bata:
kitongoji kilihamishwa ili kuboresha mandhari.
Kilihamishwa.
Kama kikombe.

Mimi ni Tunnicliffe. Nyanya yangu Kezia
alikuwa na msemo ambao hakuna aliyeuelewa.
Mtoto akiacha mlango wazi, humkemea:
"Unamfungulia nani, bwana mwenye ziwa?"
Tulidhani ni uzee.

Bi Averil wa ofisini alishuka na kofia pana.
Jumamosi kuna arusi, alisema,
mahema, mpiga picha, watu kutoka Leeds.
Mwagilia, mistari hii inachafua.
Nikatandaza mpira. Nikafungua maji.
Sijui niseme nini kuhusu mkono wangu:
ulimwagilia kila mahali
isipokuwa nyumba moja, ya mwisho, karibu na ziwa,
vyumba viwili na doa jeusi la meko.
Mle nikaketi, nikala mkate na jibini,
miguu nje ya kizingiti,
mgongo kwenye ukuta usiokuwepo.

Jumamosi bibi arusi akajitenga na wenzake,
viatu mkononi, akanikuta nakunja mpira.
"Hapa palikuwa nini?"
"Jikoni."
Akatazama chini muda mrefu.
Alikuwa hatua mbili tu kutoka ukutani,
lakini alizunguka, gauni likiburura vumbi,
akaingia kwa mlango.

Mvua ilikuja Alhamisi, bila hodi.
Wiki mbili, kijani kikafunika kila kitu;
nguzo zinaendelea kutopumua.
Nakata kama kawaida, mwajiri ni mwajiri.
Ila nikifika pale ninapopajua
nainua kisu, napunguza mwendo,
kama mtu apitaye penye mtoto aliyelala.

Winifred aliniuliza juzi, kutoka dirishani,
dirisha la kweli, la ghorofa ya pili,
kwa nini nachelewa pale kila mara.
Nikamwambia kuna mlango.