Chujio

Nyuma ya zahanati yetu, Vingunguti,
kuna banda la mabati tunaloliita Makaburini.
Wamelala humo:
mashine ya picha isiyowahi kupiga picha,
kitanda kilichoukataa umeme wetu,
jokofu la chanjo, panya wamelihamia.
Kila moja lilikatiwa utepe, likapigiwa vigelegele,
likafa siku ilipokosekana nati ya shilingi elfu mbili.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa tuliwapa shuka, tukawafunika.

Mimi ni Sikudhani, fundi.
Nalipwa kama mfagizi,
maana kwenye ikama hakuna mstari
wa kuandika ninachofanya.

Usiku ule Sista Eliwaza akanipigia:
"Mashine ya oksijeni inalia.
Mtoto wa Mwajabu, kucha zinageuka rangi."
Nilifika kanga moja, bisibisi mdomoni.
Nikaifungua kwa tochi ya simu.
Chujio lilikuwa limeshiba vumbi letu,
la mkaa, la barabara, la machinjioni.
Kitabu chake kilisema:
agiza kiwandani, subiri wiki kumi na mbili.
Mtoto hakuwa na wiki.

Nilikuwa na kipande cha godoro
kutoka Gerezani, cha jero,
nilichokichemsha, nikakianika, nikakiweka tangu Machi.
Mashine nazo huugua kama watu,
hutoa dalili kabla ya kuanguka,
na ile ilikuwa ikikohoa tangu Machi.
Nikakata. Nikachomeka. Nikabonyeza.
Kimya.
(Mwajabu alikuwa ananitazama mikono, si uso.)
Kisha ikaguna, ikavuta,
na mtoto akavuta nyuma yake,
kama wawili wanaotwanga kinu kimoja,
huyu akipandisha, yule akishusha.

Jumatatu waliletwa wageni, na sanduku jipya,
refu kuliko mlango.
Tukang'oa fremu, likapita.
Nikapewa fomu nitie sahihi: *Imepokelewa.*
Chini palikuwa na nafasi ya maoni, mstari mmoja.
Nikaandika:
*Chujio lake linauzwa duka gani?*

Waliisoma, wakacheka kidogo, wakaikunja.
Hadi leo sijajibiwa.
Ila waliisahau peni yao mezani.
Nimeifungua. Ina springi nzuri, ndogo, ngumu.
Nimeiweka kwenye kopo
pamoja na nati zangu.