Nusu Inchi

Wamenipigia tena kutoka ofisi ya wageni:
bendera nane, mama Aikande, kabla ya Ijumaa,
zilingane. Zilingane kabisa.
Mwaka juzi moja iliizidi mwenzake vidole viwili
na mkutano ukachelewa asubuhi nzima,
watu wazima na suti zao wakipima kwa rula.

Basi nimefunga duka, Kaloleni, mlango nusu.
Masika yanapiga bati,
Meru haujaonekana tangu Jumapili.
Nakata.
Jora la kitambaa cheusi ni moja tu:
humo inatoka Kenya, inatoka Uganda,
inatoka Sudan Kusini, unatoka ule mkanda wetu wa mshazari
unaonitoa jasho kila mara.
Mkasi hauulizi kitambulisho.
Jua la Rwanda lina miale ishirini na minne;
nimeihesabu, maana yupo atakayehesabu.
Nyota za Burundi tatu. Ya Kongo pembeni, juu.
Ya Somalia peke yake katikati ya buluu,
kama mgeni aliyefika mwisho akakosa wa kuongea naye.
Na korongo wa Uganda kainua mguu mmoja:
miaka yote hii namtarizi, sijajua bado
kama anaondoka au ndiyo kwanza anaingia.

Saa nane simu. Ni Lomayani, mume wa mdogo wangu,
siku ya tatu yuko Namanga na fuso la vitunguu.
Jana walitaka cheti.
Leo wanataka muhuri juu ya cheti.
Magunia ya chini yameanza kutoa maji.
"Shemeji, si unawashonea wakubwa? Waambie."
Niwaambie nini? Mimi naishia kwenye pindo.

Baba alikuwa fundi breki wa reli, Jumuiya ile ya kwanza.
Mwaka sabini na saba mpaka ulifungwa yeye akiwa Voi.
Alikuja kwa miguu kupitia Taveta,
cherehani hii ya mkono kichwani,
mfukoni barua ya kiinua mgongo
ambayo hadi tunamzika haikugeuka pesa.
Tangu hapo, shirikisho likitajwa redioni
alikuwa anapunguza sauti, si kwa hasira,
ila kama mtu anayepita karibu na nyumba
ya mchumba wake wa zamani.

Sina elimu ya mikataba. Nina hii:
vitambaa viwili havishikani kwa kusimama
ukingo kwa ukingo vikitazamana.
Kila kimoja sharti kitoe nusu inchi,
kiikunje ndani, upande usiopigwa picha,
ipotelee humo.
Asiyetaka kupoteza nusu inchi
atabaki na kitambaa chake kizima
na upepo katikati.

Ijumaa walizipandisha. Nilisimama ng'ambo ya barabara
pamoja na wauza maparachichi.
Milingoti minane, hatua tatu kutoka mmoja hadi mwingine.
Zililingana, Mungu anajua, zililingana.
Msafara ukapita na ving'ora vyake,
tukarushiwa tope, tukacheka.
Kisha upepo ukashuka kutoka mlimani
na bendera mbili, sisemi zipi,
ambazo wenyewe siku hizi hawasalimiani,
zikafikiana kwa ncha,
zikapigana kofi,
zikaachana.

Lomayani alivuka Jumamosi.
Nusu ya mzigo aliumwaga mtaroni, upande huu,
harufu ikamfuata hadi Kajiado.

Jana wamenipigia tena. Mwakani huenda zikawa tisa.
Sikuuliza nani.
Niliinuka nikaangalia majora:
cheusi kipo, cheupe kipo,
kijani kinatosha.
Uzi ndio unaisha.