Tumewasikia

Saa kumi na mbili jioni, Glasgow, ghorofa ya kumi na nne.
Majirani wamejaa sebuleni kwangu na makoti yao,
kwa kuwa runinga yangu ndiyo kubwa
na hita yangu, kama zao, ni pambo la ukutani.

Waziri katokea na tai ya kijivu.
Kazi yangu ni ukalimani; hospitali hunilipa
nipime maneno ya daktari kabla hayajamfikia mgonjwa.
Basi nikamfasiria Mama Nabintu na mumewe,
neno kwa neno, bila chumvi:
tutapunguza, tutaangalia, tutaunda tume,
itakaa, itasikiliza, itashauri.

Nilihesabu "ta" kumi na moja.
"Me" ilikuwa moja tu:
tumewasikia.

Chini uwanjani magari yakapiga honi.
Senga wa ghorofa ya tisa akalia, akamkumbatia kijana
ambaye juzi alimgombeza kwa kelele za mpira.
Wiki saba za mvua, viganja vimechubuliwa na fito za mabango,
nani amnyime kilio chake?
Hata mimi, nakiri,
kwa dakika nzima nilikuwa mjinga mwenye furaha.

Kisha ikaja barua, karatasi nzito yenye nembo:
ongezeko la bei ya joto *limesimamishwa*.
Nikalitafuna neno kama mtu anayeuma sarafu.
Kilichosimamishwa kina miguu.
Hupumzika, hufunga kamba za viatu,
huendelea.
Wangetaka kufuta, kufuta kupo katika kila lugha.

Na siku zenyewe tisini!
Nimezifuata kwa kidole kwenye kalenda ya duka la nyama:
zinaishia Juni, jua likizama saa nne usiku,
madirisha wazi, watu na aiskrimu,
na nani atashuka uwanjani Juni
kupigania moto?

Ndiyo mafuta haya, ya mgongo wa chupa.
Tulihisi ubaridi wa kioo
tukadhani ngozi imelainika.

Senga kaniuliza ngazini (lifti imekufa tena):
"Sasa tumeshinda, au vipi?"
Nikamwambia, kwetu kushinda ni neno moja
na kukaa mahali kutwa nzima.
Kesho tutashinda uwanjani.

Nikaisikia "ta" yangu mwenyewe.
Nikaenda kutafuta soksi nzito.