Ombi la Tatu

Mara ya tatu Dakta Nansikombi
anapanda ngazi za wizara, bahasha kwapani:
chuo cha jiji kinaomba
maabara moja ya moto,
pampu sita, vitanda vya mazoezi,
mshahara wa mtu anayejua kuhesabu majeruhi
kabla hawajawa maiti.

"Bajeti imefungwa," karani anasema,
anakoroga chai.

Haya. Hagusii moto wa Kisenyi,
gari la zimamoto lililofika tangi kavu,
wanafunzi wake wakichota maji ya mtaro
kwa beseni za nyanya.
Yamo ukurasa wa tisa.

Anauliza tu:
bwana, jengo hili lina orofa saba,
mlango wa dharura uko wapi?

Karani anaangalia kushoto.
Kulia.
Kijiko kimesimama.